Laptopu ya gesti imekataa Windows 11: ninunue nyingine, au hii bado ina kazi?

BintiShela (Lamu)

Assalamu alaykum jamani. Nasimamia gesti ya ami yangu hapa Shela, vyumba vichache tu, na kazi yote ya ofisi iko kwenye laptopu moja, HP EliteBook 840 G3 tuliyoinunua ex-UK, yaani mtumba wa Uingereza. Ina Windows 10. Tangu Oktoba 2025 inanitolea tangazo kwamba haihudumiwi tena, na nikijaribu kupanda Windows 11 inanijibu prosesa haifai. Betri nzima, kibodi nzima, skrini haina mkwaruzo. Ami asema maadamu yawaka basi ni nzima, nisimtie gharama na wageni wenyewe wamepungua kusi hii.

La pili. Juzi imeingia barua pepe, yajifanya imetoka kwenye tovuti tunakopatia wageni. Ati mgeni amelalamikia kunguni kitandani, nijibu kabla ya saa 24 la sivyo gesti itaondolewa. Nikafungua kiungo. Ukurasa ukanitaka nithibitishe kuwa mimi si roboti: nibonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Hapo nikaona hii si kawaida, nikafunga. Laptopu iko salama? Ndani mna nakala za pasipoti za wageni tangu ami aanze kazi hii.

Na kama ni kununua, ninunue ipi? Bajeti si kubwa.

DukaLaKompyuta_Mld (Malindi)

Dada usihangaike. Kuna programu ya bure yaitwa Rufus, inakuandalia flashi ya Windows 11 isiyouliza prosesa wala nini. Wateja wangu wengi hapa Malindi nimewafanyia hivyo na mashine zinapaa. Ukimaliza weka antivairasi, ninayo ya kulipia ambayo imeshakrakiwa, yaani leseni yake imevunjwa, nakupa bure. Ama nitumie hiyo G3 kwa basi, uongeze kidogo nikupe G5.

Bawabu (Lamu, Mkomani)

Waalaykum salaam mwanangu. Nianze na ile barua, maana laptopu inaweza kungoja.

Ukurasa ule ulikusudia kunakili amri kimyakimya na kuiweka pale maandishi yanapongojea kubandikwa. Windows na R hufungua kijidirisha cha kuendeshea programu, Ctrl na V huibandika amri, Enter huitekeleza. Hakuna kasoro ya mfumo inayohitajika hapo, kwa sababu anayeiendesha amri ni wewe mwenyewe, na antivairasi nyingi huchelewa kumshuku mwenye mashine. Mtego huu huitwa ClickFix. Machi 2025 Microsoft walieleza kampeni ya namna hii iliyojitia kuwa Booking.com na kuwalenga watu wa mahoteli na nyumba za wageni. Hata kisa cha mgeni anayelalamika ni kile kile. Wametuchagua sisi kwa kuwa kazi yetu ni kufungua barua za watu tusiowajua, kutwa, na kuzijibu haraka.

Wanachotafuta ni pasiwedi ulizohifadhi kwenye kivinjari, pamoja na zile kuki zinazokufanya usiulizwe pasiwedi kila ukiingia. Wakizipata, huingia kwenye akaunti ya gesti wakawaandikia wageni wako kwa jina lako: kadi yako imekataa, tafadhali lipa tena hapa. Mgeni aliye Ujerumani atashuku nini? Ujumbe umetoka kwako kweli, na una tarehe zake na namba yake.

Kwa kuwa hukufika kwenye Enter, sioni sababu ya kuhofu sana. Hata hivyo fanya haya leo. Chukua simu, andika anwani ya tovuti kwa mkono wako mwenyewe, usipitie barua yoyote, badilisha pasiwedi, uviondoe vifaa vyote vilivyomo kwenye akaunti. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili, na ikiwezekana utumie programu ya kutoa namba badala ya SMS. SMS ni afadhali kuliko kutokuwa na kitu, lakini laini ya simu huibiwa: mtu huenda akajidai ni wewe, akapewa laini mpya yenye namba yako, na wewe unakuja kujua simu inapokuwa haina mtandao.

Sasa laptopu. Ami yako nampa heshima zake, ila kuwaka si uzima. Mimi nimekaa na vyombo hivi miaka mingi na swali ninalouliza kabla ya RAM, kabla ya kamera, kabla ya bei, ni moja: kitaachwa lini? Maana kila kifaa chenye programu ndani yake kina siku ambayo waliokitengeneza huacha kukiziba. Ya Windows 10 ilikuwa 14 Oktoba 2025. Haikufichwa, ilitangazwa miaka mingi kabla, lakini muuzaji gani aliwahi kuiandika kwenye kile kikaratasi cha bei?

Watu hudhani baada ya siku hiyo mambo hubaki yalivyokuwa. Hayabaki. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa viraka vya Windows 11. Siku hiyo hiyo kuna watu wanaokaa kulinganisha faili la zamani na jipya, wajue ni wapi palipozibwa. Na kwa kuwa Windows 10 na 11 zina sehemu kubwa ya msimbo zinayochangia, tundu lililozibwa kwenye moja mara nyingi liko wazi kwenye nyingine, na sasa lina ramani.

Mfano wa zamani kidogo. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha kasoro katika namna Windows zinavyogawana mafaili. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo programu hasidi iitwayo WannaCry ikaipitia kasoro ile ile, ikafunga mafaili ya watu kwenye kompyuta zaidi ya 200,000, ikawataka walipe ndipo yafunguliwe. Hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Wengi walioumia walikuwa na Windows 7, iliyokuwa bado inahudumiwa wakati huo. Kiraka kilikuwapo karibu miezi miwili, hawakukiweka tu. Sasa wewe uko pabaya zaidi yao, kwa sababu kiraka hakitakuja chenyewe. Jahazi halipandishwi ufuoni likatiwa kalafati kwa kuwa limezama. Hutiwa likiwa bado laelea, na ami yako mtu wa Shela alijua hilo kabla sijazaliwa.

Kwa nini 11 imeikataa G3 yako: Microsoft wanataka kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa Intel wanataka prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele, isipokuwa chache. G3 ni kizazi cha 6. G5 nyingi ni cha 8, hapo kijana wa Malindi amesema kweli. Ila hiyo njia ya Rufus siipendi kwa mashine ya kazi. Inafanya kazi, sikatai, nami nimeitumia kwenye mashine za kuchezea. Lakini Microsoft wenyewe wanasema kompyuta isiyotimiza masharti haina dhamana ya kupata masasisho, kwa hiyo umetoka kwenye mfumo usiozibwa ukaingia kwenye mfumo ambao huenda ukazibwa, na huenda usizibwe. Hilo si jibu kwa mtu mwenye pasipoti za wageni.

Na hiyo antivairasi ya kukrakiwa, kijana wangu, lahaula! Ni kufunga mlango kwa kufuli uliyopewa na usiyemjua, na ufunguo mwingine yeye amebaki nao. Anayekraki programu ya usalama na kuigawa bure anakula nini? Windows inayo Defender yake ndani, ya bure, na kwa gesti inatosha.

Kwa hiyo una njia tatu. Ya kwanza ni kuiandikisha Windows 10 kwenye mpango wa nyongeza ya viraka, ESU, ambao kwa watu wa kawaida unafika 13 Oktoba 2026. Ni dola 30, au bure ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Hiyo ni kununua muda tu, lakini ifanye leo kabla hujaamua lingine. Ya pili ni kununua ex-UK nyingine, na ukinunua usikubali chini ya kizazi cha 8 hata ikiwa imepigwa msasa inang'aa.

Ya tatu ndiyo ningeifanya mimi: Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Toleo la 22 lilitoka 2024 na litahudumiwa hadi 2029, bila shilingi. G3 yenye RAM ya giga 8 inaiendesha bila kutoka jasho. Ofisi yako hufanya nini? Barua pepe, tovuti za wageni, WhatsApp, risiti, na lile jedwali la vyumba. Vyote vimo kwenye kivinjari na LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi. Na ule mtego wa Windows na R hauna pa kushika humo, kwa sababu amri ile imeandikwa kwa Windows. Unaweza kuijaribu kwenye flashi bila kugusa chochote kwenye diski. Ukichomoa, laptopu inarudi ilivyokuwa.

Sisi wapenzi wa Linux tuna maradhi ya kuhubiri, kwa hiyo niseme na upande wa pili kabla hajaja mtu kunisuta. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye seva kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Akachimbua. Akakuta kwenye xz, kijiprogramu cha kubana mafaili kilichomo kwenye Linux karibu zote, mtu amepandikiza mlango wa siri baada ya kujipendekeza kwa mwenye mradi kwa zaidi ya miaka miwili. Uwazi ndio ulioruhusu kujulikana, kweli, lakini bila mtu mmoja mwenye ukaidi wa kuuliza nusu sekunde imekwenda wapi, ungeenea kwenye seva za dunia nzima. Hakuna mfumo wa malaika. Upo unaozibwa na upo ulioachwa.

MhasibuWaPwani (Malindi)

Mzee Bawabu naheshimu, ila mambo mawili.

Moja, hiyo Linux utamwachia nani? Fomu ya Excel ya KRA, mamlaka ya kodi, ina makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, LibreOffice huzigeuza uji. Mimi nina wateja wenye gesti Malindi na Watamu, kila mwezi wa Juni napigiwa simu na mtu aliyewekewa "kitu cha bure" na mpwa wake.

Mbili, masasisho unayoyasifu ndiyo yaliyoangusha viwanja vya ndege Julai 2024. CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, walituma faili moja, asubuhi dunia nzima skrini za buluu. Mtu ambaye sasisho lile halikumfikia alikunywa chai yake.

BintiShela (Lamu)

Ahsanteni nyote. Maalim, pasiwedi nimebadilisha na vifaa vyote nimevitoa. Kimoja sikukitambua kabisa, lakini binamu yangu asema ni simu yake ya zamani.

Maswali. Printa yetu ni ya Epson ya wino wa chupa, itakubali? Zile pasipoti nizifanyeje? Na wageni wanatumia Wi-Fi moja na sisi, kuna neno? Tena ami auliza simu, anataka isiyoingia maji, kwa sababu ile ya kwanza ilizama pale jeti akishuka kwenye boti.

Bawabu (Lamu, Mkomani)

Nianze na Mhasibu, hoja zake ni za mtu mwenye kazi.

La makro uko sahihi, sibishani. Nikimwekea mtu Mint humwachia Windows yake pembeni kwenye diski hiyo hiyo, aiwashe siku ya fomu hiyo na asifungue kitu kingine. Ankara za eTIMS, ule mfumo wa ankara wa KRA, zinakwenda kwa kivinjari, hizo hazina tatizo. Au akuletee wewe hiyo ritani ya Juni ukamilishe, ule ujira wako.

La CrowdStrike, kweli, 19 Julai 2024, mashine kama milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft. Lakini Microsoft hao hao walisema hiyo haifiki asilimia 1 ya kompyuta zote zenye Windows, na walioguswa walikuwa wateja wa kampuni ile, mashirika makubwa, si mama mwenye gesti. Tena kilichoanguka kiliinuliwa: lilifutwa faili lenye kosa, mashine ikawaka, data ikawa mahali pake. Mafaili yakifungwa na wadai fidia, unafuta nini yarudi? Ninachokubaliana nawe ni kwamba masasisho makubwa, yale ya kubadilisha toleo zima, mtu asikimbilie siku ya kwanza. Viraka vya kila mwezi aviweke bila kungoja.

BintiShela, hiyo simu ya binamu yako isirudishwe kwenye akaunti, binamu au si binamu. Akitaka kuona nafasi za vyumba akuulize.

Printa: Epson za namna hiyo nyingi zakubali Mint. Ijaribu ukiwa kwenye flashi kabla hujaamua, ndiyo faida ya flashi.

Pasipoti, hapo nataka usikilize. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikatazi kuchukua nakala kwa sababu halali, inakataza kukaa nazo muda mrefu kuliko unavyozihitaji. Mgeni aliyelala kwenu miaka mingi iliyopita nakala yake inakusaidia nini leo? Zikiibiwa, unatakiwa umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue. Na kuna kitu wenye gesti wengi hapa hawakisikii: kanuni za usajili za 2021 zinasamehe biashara ndogo, lakini msamaha huo haugusi sekta kadhaa, na ukarimu wa wageni ni mojawapo. Yaani hata mwenye vyumba vichache ajiandikishe. Muulize ami kama amejiandikisha.

Basi keti naye, mkubaliane nakala ya mgeni mnaishika muda gani baada ya kuondoka kwake, zilizopita muda mfute, na zile za WhatsApp pia. Watu husafisha laptopu wakasahau kwamba kila pasipoti ilitumwa kwanza kwenye simu ya mtu wa mapokezi, na simu hiyo inajihifadhia picha zake kwenye akaunti ya Google ya mwenye simu. Ukimwajiri mwingine mwakani, pasipoti zimekwenda na yule wa kwanza.

Zinazobaki, diski ya nje mbili. Moja inachomekwa siku ya kunakili na kuchomolewa, nyingine inakaa nyumba nyingine, si gesti. Diski inayoachwa imechomekwa daima si akiba, kwa sababu programu ya wadai fidia huifunga pamoja na laptopu. Na mara moja moja fungua faili kutoka kwenye diski uone kweli lafunguka. Hewa yetu hii ya chumvi haina huruma: plagi za USB zinaota kutu ya kijani, unakuja kugundua siku ya shida. Ziweke kwenye kopo linalofunga sawasawa, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu.

Wi-Fi: kuna neno kubwa. Ruta nyingi zina mtandao wa pili wa wageni, uwashe, wape huo, na wa ofisi ubadilishe pasiwedi. Ile pasiwedi ya kuingia kwenye ruta yenyewe, iliyobandikwa chini yake, ibadilishe pia. Andika zote kwenye daftari lifungiwe kabatini. Najua vijana watacheka, lakini mwizi aliye ng'ambo hawezi kufungua kabati la Shela, na daftari lina faida kwamba utathubutu kuandika pasiwedi ndefu usizoweza kuzikumbuka.

Simu ya ami. Alama ya IP68, ile ya kuzuia maji, isimdanganye. Hupimwa kwa maji matamu yaliyotulia, na watengenezaji wengi hutaja mita 1.5 kwa dakika 30. Maji ya bahari hayamo kwenye kipimo hicho, wala simu iliyotumika miaka kadhaa ikaanguka anguka mpaka gundi zake zimelegea. Ikizama jeti: izime palepale, isuuze kwa maji matamu chumvi itoke, ifute, iache ikauke kwenye upepo, usiichaji. Na mchele wa watu uacheni chunguni. Apple wamewaambia wateja wao wasiuweke, chembe zake zinaweza kuidhuru simu.

Ya kununua, narudi kwenye swali langu. Kuna simu za bei ya kati siku hizi zenye ahadi ndefu: Samsung walipotoa Galaxy A16 mwaka 2024 waliahidi miaka 6 ya masasisho. Zipo nyingine dukani hapo hapo, kamera yake inavutia zaidi kwenye tangazo, na ukitafuta tarehe ya mwisho wa masasisho yake huioni popote. Hizo mimi siziuzi wala sizipendekezi, hata kwa adui. Na amfungie kamba ya shingoni, ni bei ya chini kuliko kinga yoyote.

DukaLaKompyuta_Mld (Malindi)

Mzee umenipiga hadharani lakini sawa. Antivairasi nimeifuta kwenye flashi za duka. Swali la kibiashara: nikianza kuandika tarehe ya mwisho wa masasisho kwenye kila laptopu, si zile za kizazi cha 6 zitanikalia dukani zote? Nina rafu nzima.

Bawabu (Lamu, Mkomani)

Ziwekee Mint, andika "hadi 2029", uza kwa wanafunzi. Na zile za kizazi cha 8 ongeza bei, utapata haki yako.

BintiShela (Lamu)

Maalim, ami amekubali flashi kwanza, Windows isiguswe mpaka aone printa yatoa karatasi. Kuhusu kujiandikisha kwa Kamishna amenyamaza tu. Jumamosi baada ya alasiri niko Langoni, naweza kukuletea laptopu?

Bawabu (Lamu, Mkomani)

Lete, na chaja yake. Printa iache, nitakuja Shela mwenyewe na boti ya asubuhi. Huyo ami yako nina maneno naye.